Karai Linatoka Tupu: Matatizo ya Kuosha Dhahabu Mtoni na Familia, Sababu Zake na Dawa Zake

Matatizo yaliyoandikwa hapa ni yale yanayojirudia kwa familia zinazokwenda kuosha dhahabu kwa burudani katika mto South Fork American, California. Ni mto uleule ambao James Marshall aliokota dhahabu tarehe 24 Januari 1848, pale Coloma, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Sacramento. Dhahabu nyingi ilichukuliwa zamani, lakini mafuriko ya kila majira ya baridi huchimbua kingo na kushusha chembe nyingine ndogondogo. Mtoto mwenye karai bado anaweza kurudi na chembe kwenye chupa yake.

Vifaa vinavyotosha: karai la plastiki la sentimita 36 kwa mtu mzima na la sentimita 25 kwa mtoto (karai kubwa likijaa changarawe na maji humchosha mtoto kabla hajaanza), rangi ya kijani au buluu ili chembe ya njano ionekane, chekeche lenye matundu ya milimita 12, chupa laini ya kunyonyea chembe, chupa ndogo yenye kifuniko, sumaku na mfuko wa plastiki. Karai liwe na mifereji midogo upande mmoja. Hiyo ndiyo inayozuia dhahabu isitoke.

Karai linatoka tupu kila mara

Watu wengi huhama sehemu moja kwenda nyingine siku nzima, kumbe dhahabu waliipata asubuhi na kuirudisha mtoni wenyewe. Kabla ya kuulaumu mto, pima mkono wako.

Chukua risasi ndogo za kuvulia samaki, uzikate vipande 10 visivyozidi punje ya mchele, uviponde kwa nyundo viwe bapa. Changanya vipande hivyo na changarawe ya karai moja, kisha osha kama kawaida juu ya beseni, si mtoni. Hesabu vilivyobaki. Ukipata 9 au 10, mkono wako ni mzuri na shida iko kwenye sehemu unayochimba. Ukipata 8 au pungufu, usihame, jifunze kwanza. Uzito wa risasi ni mara 11.3 ya maji na wa dhahabu ni karibu mara 19, kwa hiyo karai linaloshika risasi litashika dhahabu ya ukubwa uleule. Kukata na kuponda ni kazi ya mtu mzima. Risasi ni sumu: watoto wasiiweke mdomoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Sababu, tukianza na ile inayotokea zaidi:

Kwanza, karai halikutikiswa vya kutosha kabla ya kumwagwa. Dhahabu haizami kwa sababu tu imelowa. Huzama pale changarawe yote inapokuwa imelegea ndani ya maji na kucheza. Jaza karai robo tatu, lizamishe lote, vunja mabonge kwa vidole, kisha litikise kushoto na kulia kwa nguvu kwa sekunde 20 hivi likiwa bapa chini ya maji. Toa mawe makubwa baada ya kuyasuuza ndani ya karai lenyewe. Ndipo uliinamishe, mifereji ikiwa upande wa mbele, na uyaache maji yaingie na kutoka taratibu yakichukua tabaka la juu. Kila baada ya michovyo mitatu au minne rudisha karai bapa, tikisa tena, inamisha tena. Wanaoanza huruka hatua hii ya kurudia kutikisa, na hapo ndipo dhahabu inapowatoka. Karai moja likimchukua anayejifunza dakika 10 hadi 15, hajachelewa.

Pili, unachota mchanga laini wa juu. Mchanga huo uliletwa na maji yaliyokwisha nguvu, na maji hayo hayakuwa na uwezo wa kubeba kitu kizito. Dhahabu hutua pale mkondo wenye kasi unapopunguza mwendo ghafla: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa kwa upande wa chini wa mkondo, na kwenye nyufa za mwamba zilizokatiza njia ya maji. Tafuta pia mawe yaliyobanana ya saizi mchanganyiko, kokoto pamoja na mawe ya ngumi. Mchanga wa saizi moja peke yake hauna faida, hata ukiwa mzuri kwa watoto kuchezea.

Tatu, hujafika chini. Dhahabu hushuka hadi ikutane na kitu kisichopitika, yaani mwamba au tabaka la udongo mgumu. Chota pale juu ya tabaka hilo. Kama mwamba uko mbali, jaribu ufa ulio wazi ukingoni kuliko kushindana na mita moja ya mawe.

Nne, udongo wa mfinyanzi. Mabonge yake huokota chembe yanapobingirika na kuondoka nazo nje ya karai. Ukiona mabonge, yaloweke kwenye ndoo na uyakande hadi maji yawe kama uji. Usitupe bonge hata moja likiwa zima.

Tano, karai ni jipya na lina mafuta ya kiwandani. Lisugue nyumbani kwa sabuni ya vyombo na mchanga kidogo hadi maji yatandazike juu yake bila kujikusanya matone. Karai la chuma huchomwa juu ya moto hadi libadilike rangi, halafu lipoe lenyewe.

Sita, na hii ndiyo ya mwisho kushukiwa: sehemu haina dhahabu. Ukiosha makarai matano kwa mkono uliofaulu jaribio la risasi na hupati hata mchanga mweusi, ule mzito wenye chuma, hama. Ukipata mchanga mweusi mwingi bila dhahabu, usihame mbali. Sogea mita chache juu au chini ya mkondo na ujaribu tena, kwa sababu vitu vizito vinatua hapo.

Chembe zilionekana, halafu zikapotea mwishoni

Chembe nyembamba huelea. Si kwamba ni nyepesi. Maji yana ngozi juu yake, na chembe bapa iliyokauka au yenye mafuta hukaa juu ya ngozi hiyo na kuondoka nayo. Chanzo kikubwa ni mikono: mafuta ya kujipaka na losheni ya jua. Wapake watoto losheni mapema, wafute viganja kwa kitambaa na mchanga, ndipo washike karai.

Kingine ni kulitoa karai hewani na kulirudisha majini mara nyingi, chembe zikakauka. Zikianza kuelea, zigonge kwa kidole au zidondoshee maji kutoka juu. Nyingi huzama papo hapo.

Zikiendelea kuelea, acha kumalizia mtoni. Simama pale vinapobaki vijiko viwili vya mchanga mweusi, mimina vyote kwenye chupa, ukamalizie nyumbani ndani ya beseni lenye maji na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo. Sabuni huvunja ile ngozi ya maji. Isimwagwe mtoni hata kidogo; inadhuru samaki na wadudu wa majini. Kwa kweli kumalizia nyumbani ndiyo njia bora kwa familia yenye watoto wadogo, maana hapa mtoni kila mtu amechoka na mkono mmoja ukiteleza kazi yote imekwenda.

Mchanga mweusi hauishi

Huu ni chuma zaidi, wenye uzito wa kama mara 5 ya maji, wakati mchanga mweupe ni mara 2.65 tu. Ndiyo maana unabaki chini pamoja na dhahabu. Usijaribu kuumaliza wote kwa kuosha.

Ukaushe, utandaze kwenye sahani, funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki na uipitishe juu bila kugusa. Ukivuta sumaku kutoka mfukoni, chuma kinadondoka. Dondoshea kwenye sahani ya pili na urudie mara mbili au tatu, kwa sababu chuma kikijikusanya hubeba chembe za dhahabu katikati yake. Kinachobaki bila kuvutwa, kichekeche kwenye wavu wa chini ya milimita moja, kisha osha kila saizi peke yake. Chembe kubwa na ndogo zikioshwa pamoja, mchanga mkubwa huzisukuma zile ndogo nje.

Inang'aa njano, lakini ni dhahabu kweli?

Kwanza itie kivulini kwa kuikinga jua kwa mkono wako. Dhahabu inabaki njano ileile juani na kivulini. Ulanga (mika) unametameta juani kisha unazimika, tena unapeperuka majini kama kipande cha jani. Pairiti, ambayo ni chuma na salfa, ina kingo kali, mara nyingine vijisanduku kamili, na kivulini hugeuka kijivu au kahawia.

Pili, bonyeza kwa ncha ya sindano juu ya kitu kigumu. Dhahabu hubonyea na kubaki na alama, pairiti hupasuka, ulanga hukatika ngozi ngozi.

Tatu, itazame inavyotembea karaini. Dhahabu ndiyo ya mwisho kusogea. Kitu cha njano kinachokimbia na mchanga wa juu, kiache kiende.

Usitumie tindikali nyumbani kupima chembe za matembezi. Kama jibu bado lina utata, sonara au duka la vifaa vya wachimbaji watakuambia kwa dakika chache.

Dhahabu ni nyeupe kama fedha: simama hapa

Sehemu hii isomwe na kila mzazi kabla ya safari. Wachimbaji wa karne ya 19 walitumia zebaki kwa wingi mno katika mito hii, hasa walipokuwa wakiiporomosha milima kwa mabomba ya maji, uchimbaji uliozuiwa na mahakama mwaka 1884. Sehemu ya zebaki hiyo bado imelala kwenye nyufa za mwamba, palepale dhahabu inapopenda kukaa. Anayewafahamu wachenjuaji wa dhahabu wa Geita au Chunya, Tanzania, anaijua zebaki. Tofauti ni kwamba hapa haiji na mchimbaji wa leo, iliachwa chini na wale wa zamani zaidi ya miaka mia iliyopita.

Vitu vyeupe au vya kijivu karaini, kwa mpangilio wa kawaida:

Risasi. Vijidonge vya bunduki na vizito vya ndoano. Kijivu kilichofifia, kikwaruzwe kwa kisu kinang'aa. Usigawie watoto, itie kwenye chupa ya takataka.

Dhahabu iliyopakwa zebaki. Ina umbo la chembe lakini rangi ya fedha, mara nyingine doa la njano likichungulia upande mmoja. Chembe zake hugandamana.

Zebaki yenyewe. Tone linalong'aa kama kioo. Ukilitikisa hukimbia, hugawanyika na kuungana tena.

Ukiona moja kati ya hizo mbili za mwisho, fanya hivi. Waondoe watoto na mjamzito karibu. Vua pete ya dhahabu, kwa sababu zebaki huila na kuibadilisha rangi, na usishike kwa mkono mtupu. Nyonya tone au chembe hizo pamoja na maji kwa ile chupa laini, zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kufunga vizuri, maji yakizifunika, na uandike juu yake ZEBAKI. Usirudishe mtoni. Usimwage kwenye sinki wala jalalani. Kila kaunti ya California ina utaratibu wa kupokea taka hatari za majumbani. Piga simu ofisi ya kaunti uulize pa kupeleka.

Usiichome. Wala kwenye kikaango, wala jikoni, wala nje ya nyumba “kwa haraka tu”. Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu, unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo, na watoto huumia kabla ya wakubwa. Tindikali ya naitriki nayo hutoa moshi wenye sumu. Si kazi ya nyumbani. Zebaki ikimwagika ndani ya nyumba au gari, usifagie na usitumie mashine ya kunyonya vumbi, kwani huirusha hewani. Fungua madirisha, toa watu wote, zuia watu kuikanyaga, na uite wataalamu. Mtu akikohoa, akibanwa na kifua au kupata homa baada ya kuwa karibu na zebaki iliyopashwa moto, mpelekeni hospitali bila kungoja. Ushauri wa sumu Marekani, usiku na mchana, ni 1-800-222-1222.

Maji yanapanda, na hakuna mvua

Juu ya Coloma kuna bwawa la Chili Bar, na maji hufunguliwa kwa ajili ya umeme na mashua. Mto unaweza kupanda saa za mchana jua likiwaka. Vilevile mwezi Mei na Juni theluji ya milimani inayeyuka: maji ni mengi, ya kasi, na ya baridi kali hata siku ya joto.

Mkifika, weka jiwe jeupe palepale ukingo wa maji na ulitazame kila dakika 10. Likifunikwa, kila mtu apande, na vifaa viachwe kama haviko karibu na mkono. Angalieni pia kwamba hamkuvuka kwenda kisiwa cha mawe ambacho njia yake ya kurudi itafunikwa kwanza.

Watoto waoshe mahali maji yasipopita kifundo cha mguu, jaketi la kuokolea likiwa limefungwa, na mtu mzima mmoja asiyeshika karai awe kazi yake ni kuwatazama tu. Kutazama huku unaosha si kutazama. Macho ya anayeosha yamo karaini.

Mtoto akitetemeka na midomo ikibadilika rangi, mtoe, mvue nguo zote zilizolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto kiasi. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, akaongea kwa kuvuta maneno au akasinzia, piga 911, nambari ya dharura ya Marekani. Mtu akichukuliwa na mkondo, alale chali miguu mbele, asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo humlaza kifudifudi. Wa nchi kavu wamtupie kamba au mti. Wasimfuate.

Upele unawasha siku moja au mbili baadaye

Ni mmea wenye vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja unaoota kando ya mito hii, unaoitwa poison oak. Mafuta yake hukaa kwenye nguo, viatu na manyoya ya mbwa, na shina lisilo na majani wakati wa baridi linayo pia. Osha ngozi mapema kwa sabuni na maji mengi ya baridi, fua nguo peke yake, usichome matawi yake. Upele ukifika usoni, machoni au sehemu za siri, nenda kwa daktari. Pumzi ikibana, 911.

Mizani inasoma sifuri

Mizani ya jikoni haioni chini ya gramu moja. Tumia ya sonara inayosoma gramu 0.01, na chembe ziwe zimekauka. Mavuno ya siku ya familia kwa kawaida ni sehemu ndogo ya gramu. Waambieni watoto hivyo mapema.

Mtu amekuja anasema mwondoke

Mara nyingi ana haki. Sababu ya kwanza ni vifaa: ndani ya hifadhi za jimbo la California zinazoruhusu kuosha dhahabu, kanuni ni mikono na karai tu, bila koleo, sululu wala mfereji wa kuoshea. Kwenye bustani ya kihistoria ya Marshall, pale Coloma, kuna eneo lililotengwa upande wa mashariki wa mto, na nje ya hapo hairuhusiwi. Tope likionekana zaidi ya futi 20, yaani kama mita 6, kutoka unapooshea, umevunja kanuni, na kiasi cha kuchukua kwa mtu mmoja kwa siku ni ratili 15, karibu kilo 7.

Sababu ya pili: sehemu hiyo ina mwenye haki ya madini. Ardhi ya umma chini ya Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi, inaweza kuwa na kitalu kilichosajiliwa kwa mtu, na kuchukua dhahabu humo bila ruhusa yake ni wizi hata kama hakuna uzio. Uliza ofisi yao kabla ya safari. Ukikutana na mwenye kitalu, omba radhi, rudisha mchanga wake, fukia shimo, ondoka. Mashine za kunyonya mchanga chini ya maji zimezuiwa California tangu 2009, kwa hiyo usishawishike na anayekuuzia moja.

Na anayekwenda likizo Tanzania na karai lake ajue kwamba sheria ya huko haina nafasi ya kuosha kwa burudani bila haki ya madini. Kama watoto wanataka kuona kazi ya Geita, nenda kwa mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, omba ruhusa yake, na uwaweke mbali na mahali zebaki inapochomwa.